Dakota ya mkono wa pili: bodi naipa nyota tano, makaratasi yake nyota mbili

Wiki tatu zilizopita mdogo wangu mmoja wa Arusha, si wa tumbo moja ila tumekua pamoja, kanitumia tangazo la DC-3 inauzwa huku Marekani. Picha kama zote, viti vya ngozi, kabati la vinywaji la mbao inayong'aa, zulia jipya, na juu kabisa wameandika kwa herufi kubwa kwamba ndege hii imewahi kumilikiwa na watu maarufu. Akaniuliza, kaka wewe si upo Texas na kazi yako ni ndege, hii kitu inafaa? Anataka kupeleka watalii wachache wenye hela zao Serengeti na Zanzibar kwa ndege ya kizamani, na kiukweli wazo lenyewe sio baya hata kidogo. Nikaanza kumjibu kwa voisi, voisi ikafika dakika kumi na moja sijamaliza hata habari ya injini, nikaona bora niandike yote hapa maana najua sio yeye peke yake anayetumiwa matangazo ya hivi.

Mimi ni fundi, sio rubani. Kwenye hanga ninayofanyia kazi tunatengeneza ndege za watu binafsi, nyingi za injini mbili na nyingi zimezaliwa kabla yangu, kwa hiyo ninachosema hapa nakisema kama mtu anayezifungua ndani na kuona kilichofichwa nyuma ya zulia.

Nianze na bodi maana hapo sina ugomvi na mtu. DC-3 wazee wetu wanaijua kwa jina la Dakota, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Disemba 1935 pale Santa Monica, California. Za kiraia zilitengenezwa 607 tu, halafu vita ikaja, zikatoka za jeshi, C-47 na ndugu zake, mpaka jumla ikapita 10,000 kwa Marekani pekee, na Warusi na Wajapani nao wakatengeneza za kwao kwa leseni. Kwa hiyo ukiona mtu anauza "DC-3" leo, mara nyingi sana hiyo ni C-47 iliyovuliwa gwanda, ikawekewa viti na madirisha ya kistaarabu, ikaingia uraiani. Vita ilipoisha ziliuzwa kwa bei ya kutupa, mashirika ya ndege dunia nzima yakajinyakulia, na sisi huku East African Airways walikuwa nazo, wazee waliopanda Dakota kutoka Dar kwenda Nairobi bado wapo na wanakumbuka vizuri. Wanakumbuka pia ile iliyogonga Kilimanjaro Mei 1955 ikitoka Dar kwenda Nairobi, watu wote 20 wakafa. Mlima haujali bodi ni imara kiasi gani.

Bodi yenyewe ni ya watu walioogopa kukosea. Bawa lina mihimili mitatu badala ya kutegemea mmoja, kwa hiyo mzigo umegawanywa, na ndio maana ndege za miaka themanini bado zinaruka bila bawa kuchoka kama yanavyochoka mabawa ya ndege nyingi za baadaye. Injini mbili za Pratt & Whitney R-1830, silinda 14 kila moja zimepangwa duara safu mbili, nguvu farasi 1,200 kila upande. Inatua taratibu, inakubali kiwanja cha majani, haina kompyuta yoyote ya kukugomea asubuhi. Ubaya wake ni kwamba inakunywa, hesabu lita 300 na zaidi kwa saa, tena sio mafuta ya jeti bali petroli ya ndege ambayo huku kwetu Afrika inazidi kuwa ngumu kupatikana na bei yake inauma. Na haina haraka, mwendo wake ni kama kilomita 270 kwa saa, Cessna Caravan, kandege ka injini moja, itakupita hewani unaiona. Na ina tairi la mkia, maana yake ikiwa chini kwenye upepo wa pembeni inataka miguu ya rubani iwe macho muda wote. Julai 2018 hapa Texas, pale Burnet, C-47 moja ya maonyesho ilimshinda rubani upande ikiwa inapaa, ikaanguka ikaungua yote, ilikuwa na watu 13 na wote wakatoka hai, wengine wakiwa wameungua. Nilipoona picha ya mabaki, mkia tu ndo ulikuwa na umbo la ndege, sikuamini kama kuna mtu alitoka.

Sasa ili msidhani naongea vya kusoma tu, niliwahi kulipia safari fupi kwenye C-47 inayoitwa That's All, Brother, ipo San Marcos, kati ya Austin na San Antonio, inatunzwa na watu wa kujitolea wa Commemorative Air Force. Hii huduma naipa nyota tano bila kuuliza. Unaingia kwa mlango wa nyuma kushoto, na kwa vile ndege imekalia mkia sakafu ina mwinuko, unapanda kwenda mbele huku umeshika ukuta. Viti ni mabenchi ya pembeni mnatazamana, wale wa Dar wa zamani watakumbuka zile daladala za chai maharage, ndo mkao uleule, magoti kwa magoti. Kabla ya kuwasha nilisimama nje nikawaona wanasukuma mapangaboi kwa mikono, blade moja baada ya nyingine, polepole, wanahakikisha oili haijajikusanya kwenye silinda za chini, maana ukiwasha injini ya duara yenye oili imejaa chini unapinda chuma. Hakuna aliyewaharakisha. Abiria tulikuwa tumeshavaa mikanda ya subira, jua la Texas linachoma, na yule mzee aliyekuwa akihesabu blade alirudia kuhesabu upande wa kulia kwa sababu mwenzake alimsemesha katikati. Mimi pale ndo nilipotulia moyo, sio kwenye maelezo ya usalama waliyotusomea baadaye. Halafu injini ikawashwa, haiwaki kwa mpigo, inaamka silinda moja moja, inakohoa, moshi mweupe unafunika bawa zima, halafu ghafla zote zinashikana na bodi nzima inaanza kutetemeka mpaka kwenye meno. Mkia unanyanyuka kwanza, sakafu inakuwa sawa, ndo mnaiacha ardhi.

Na historia ya hiyo ndege ndo inayonileta kwenye jambo lenyewe. Ni ya mwaka 1944, ndiyo iliyoongoza zaidi ya C-47 800 zilizobeba askari wa miavuli kwenda Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni. Baada ya vita ikauzwa, ikapita mikono mingi ya raia, ikapakwa rangi nyingine, ikasahaulika kabisa, mpaka 2015 ikawa imekaa kwenye uwanja wa kampuni ya Basler pale Oshkosh, Wisconsin, inasubiri kukatwa na kurefushwa na kufungwa injini za tabaini. Kilichoiokoa ni namba. Mtu mmoja mpenda historia alikuwa anafuatilia namba ya kiwandani, akalinganisha karatasi za jeshi na karatasi za usajili wa kiraia, mmiliki baada ya mmiliki, mpaka mnyororo ukamfikisha pale Oshkosh. Hakuna aliyeitambua kwa sura. Ingekuwa kuna pengo moja tu kwenye zile karatasi, saa hizi ingekuwa imeshakatwa.

Sasa kuna mtoto mwingine wa mwaka huohuo 1944, na huyu ndo ninayemkumbuka kila nikiona tangazo lenye maneno "imewahi kumilikiwa na". Usajili wake ulikuwa N711Y. Nayo ilitoka vitani ikaingia uraiani, ikawa ya familia ya DuPont, matajiri wa makemikali, baadaye ikawa ya mwanamuziki Jerry Lee Lewis, na mwaka 1985 ikafika kwa Rick Nelson, mwimbaji ambaye Wamarekani walimwona akikua kwenye televisheni tangu mtoto. Yeye alikuwa amechoka kusafiri kwa basi kutoka shoo moja kwenda nyingine, na hapo namwelewa, ukifikiria umbali wa nchi hii. Viti 14, ndege ya wakubwa, jina kubwa juu ya jina kubwa. Ukisoma orodha ya wamiliki unasema hii itakuwa imetunzwa kama yai.

Lakini angalia miezi yake ya mwisho. Kuna siku injini iliharibika, bendi ikabidi ishuke isukume ndege itoke kwenye njia. Tarehe 22 Septemba 1985 magneto ikagoma, Nelson akakosa tamasha la kwanza la Farm Aid pale Champaign, Illinois. Magneto kwa ambao hawajui ni kile kidude kinachozalisha cheche za plagi, kila injini inazo mbili, na ikianza kusumbua ni injini inakwambia kitu. Hizi ni dalili ndogo ndogo, kila moja peke yake mtu anairekebisha na kusonga mbele, ndivyo tunavyofanya na magari pia. Shida ni pale ambapo hakuna mtu mmoja anayezikusanya zote kwenye daftari moja akazitazama kwa pamoja. Shirika la ndege lina idara nzima ya kazi hiyo, ina watu wanaolipwa kuuliza kwa nini ndege hii imeandikwa mara tatu mwezi huu. Mwanamuziki ana meneja wa safari mwenye presha ya kufika kwenye shoo.

Tarehe 31 Disemba 1985 wakaruka kutoka Guntersville, Alabama, kwenda Dallas kupiga mkesha wa mwaka mpya. Ndani walikuwa tisa, marubani wawili na abiria saba, yeye, mchumba wake, wanabendi na mtu wa sauti. Baridi ilikuwa baridi, na ile ndege ilikuwa na hita inayochoma petroli, imefungwa huko nyuma mkiani. Hita ikawa inagoma. Kwa maelezo yaliyotolewa kwa wachunguzi ni kwamba walijaribu kuiwasha mara kadhaa na ikakataa. Baadaye ukatokea moshi kwenye kabini. Wakiwa kaskazini mashariki ya Texas wakaomba kutua popote karibu, uwanja hawakuufikia, wakaishusha kwenye shamba karibu na De Kalb, ikagonga nyaya na miti, ikawaka. Marubani walitoka kwa madirisha ya mbele wakiwa wameungua. Wale saba wa nyuma hakuna aliyetoka.

Nilipoisoma ripoti mara ya kwanza nilikuwa nimeanza kazi karibuni tu, nikaisoma usiku, na nilivyofika kwenye orodha ya majina nikaizima kompyuta nikakaa tu. NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri Marekani, ilisema moto ulianzia nyuma ya kabini, upande wa kulia, kwenye sakafu au karibu yake, lakini kilichouwasha hasa hakikuthibitika. Kifuniko cha kufikia hita kilikutwa hakijafungwa vizuri. Na ilijulikana kwamba hita za DC-3 kwa ujumla, na za ndege hii yenyewe, zilikuwa na historia ya kusumbua. Halafu wakaja kwa marubani, kwamba hatua za dharura hazikufuatwa, matundu ya hewa ya nje yalifunguliwa wakati yalitakiwa yabaki yamefungwa, abiria hawakuambiwa wavae oksijeni, na mtungi wa kuzimia moto haukutumika.

Magazeti yakaja na lao, yakaandika kwamba walikuwa wanavuta madawa ya kulevya humo ndani ndo wakawasha moto. Wachunguzi hawakukubaliana na hilo kama chanzo, lakini hadi leo ukimtaja Rick Nelson kuna mtu lazima atakwambia "si ndio wale waliojichoma". Hiki kitu kinaniuma sana kwa sababu mbili. Kwanza ni watu saba waliokufa na wana ndugu zao. Pili ni kwamba uvumi ule uliwafanya watu waache kutazama hita. Mtu akishaamini ndege imeunguzwa na tabia za wanamuziki, haendi kuangalia mkiani kwa ndege yake mwenyewe.

Naomba nieleze hiyo hita maana sisi wa nchi za joto hatuna habari nayo na ndio maana inaweza kutuponyoka. Inavuta petroli ileile ya injini, inaipuliza kwenye chemba ndogo ya chuma yenye plagi yake, inawaka humo. Hewa ya nje inapita kuizunguka ile chemba kwa nje, inachukua joto, inaenda kwa abiria. Kati ya moto na pumzi ya abiria kuna bati tu, bati jembamba. Likipasuka, kama una bahati utapata hewa ya sumu isiyo na harufu ikulaze usingizi, kama huna bahati utapata moto. Na kila ukibonyeza swichi ikagoma kuwaka, fikiria kwamba kuna petroli imeshaingia na haijaungua, iko mahali fulani.

Haya sio ya DC-3 peke yake. Ndege nyingi za zamani za injini mbili, zile ndogo za watu sita, zina hita ya namna hii kwenye pua au mkiani. Baridi moja iliyopita ililetwa kwetu ndege ya injini mbili ya miaka ya sitini, mwenyewe anasema hita haijawahi kumsumbua, na kwenye logibuku, yaani daftari la matengenezo ya ndege, gereji ya kabla yetu, sitaitaja, ilikuwa imeandika maneno manne tu, hita imekaguliwa, iko sawa. Nikaingiza kichwa na bega moja, tochi mdomoni, kioo kidogo cha fundi mkononi, nikaanza kuzunguka ile chemba. Kwenye maungio ya juu, mahali ambapo huwezi kupaona bila kioo, kulikuwa na mstari mweusi wa masizi kama mtu kapitisha penseli. Nikaufuta kwa kitambaa. Chini yake kuna ufa, urefu kama ukucha wa kidole kidogo. Tukaijaribu kwa presha ya hewa, sindano ya geji ikaporomoka hata sijaweka saa. Mwenye ndege alikuwa anampeleka mkewe na watoto wawili milimani Colorado kila Krismasi. Nilimwita aje aangalie kwa macho yake kwenye kioo, akaangalia, akanyamaza muda mrefu, akaniuliza "hii ina muda gani?" Sikuwa na jibu kwa sababu logibuku haikuwa na jibu, yale maneno manne yalikuwa yamerudiwa miaka minne mfululizo kwa mwandiko uleule.

Ndo maana mdogo wangu akinitumia picha za viti sioni kitu.

Halafu kuna jambo la nani hasa ni mwenye ndege, watu wanalichukulia kama la wanasheria tu, kumbe ni la uhai. Chukua ile ndege, Convair 240, ya bendi ya roki ya Lynyrd Skynyrd, nayo injini mbili, ilitengenezwa miaka ya arobaini mwishoni, ilikuwa imeshatembea zaidi ya saa 29,000. Haikuwa yao, ilikuwa ya kampuni moja ya Texas, bendi iliikodi pamoja na marubani. Lakini mkataba ulivyoandikwa bendi ndiyo ilikuwa mwendeshaji, yaani mbele ya sheria mzigo wa usalama ulikuwa juu ya watu wanaopiga gitaa. Kabla yao watu wa bendi ya Aerosmith walikuwa wameshaikagua ndege hiyohiyo pamoja na wafanyakazi wake, wakaikataa. Oktoba 1977 injini ya kulia ilikuwa inasumbua, inakula mafuta kuliko kawaida, na watu waliiona ikitema moto. Tarehe 20 wakatoka Greenville, South Carolina, kwenda Baton Rouge, na karibu na Gillsburg, Mississippi, mafuta yakaisha injini zote mbili, wakaingia kwenye miti. Walikuwa 26, wakafa sita, wakiwemo marubani wote wawili. NTSB ikasema wafanyakazi wa ndege hawakufuatilia mafuta yao. Ni kweli. Lakini mimi najiuliza, siku ile nani alikuwa na kazi ya kusema hii ndege leo haitoki? Mwenye ndege anasema nimeikodisha, aliyekodi anasema mimi mwanamuziki, rubani ana waajiri wawili na shoo inasubiri. Ukisoma mkataba wa kukodi au kununua ndege ya zamani, tafuta hilo jibu kabla ya kutafuta bei, na kama halipo usisaini.

Kwa upande wa kupata historia, Marekani hapa wamerahisisha na hapa nawapa nyota zao. Kila ndege ina namba inayoanza na N, faili lake lipo kwenye ofisi ya usajili ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, pale Oklahoma City, na mtu yeyote, hata ukiwa Arusha, unaweza kuliagiza kwa dola kumi. Dola kumi, mtu anataka kutoa mamia ya maelfu ya dola na hajaagiza faili. Humo unapata hati za mauzo moja baada ya nyingine, madeni ya benki kama yapo, na fomu za matengenezo makubwa na mabadiliko. Hizo fomu mimi ndo nazisoma kwanza. Nani alifunga hivyo viti? Nani alipitisha waya wa lile kabati la vinywaji lenye friji? Lini? Kwa kibali gani? Kwenye ndege iliyopita kwa matajiri watano, kila mmoja ametoa mapambo ya mwenzake akaweka yake, na chini ya sakafu unakuta waya za awamu zote tano, zingine zimekatwa zikafungwa na tepu zikaachwa hapo, za kitambaa kando ya za plastiki. Bodi ya 1944 haina tatizo. Tatizo ni kilichoongezwa 1962, na 1974, na juzi.

Halafu linganisha tarehe za faili na tarehe za logibuku. Ndege ikiwa imeuzwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, uliza kwa nini. Ikiwa logibuku "zilipotea kwenye mafuriko", nakubali mafuriko yapo, ila hiyo ndege kwangu bei yake imeshashuka nusu na bado sijaipanda. Ikiwa jina la mmiliki ni la kampuni au mdhamini, ni halali kabisa, wengi hufanya hivyo, lakini mtafute binadamu aliyekuwa anaamua ikae chini lini. Na hifadhi ya ajali ya NTSB ipo wazi, unaandika ile namba inakuja. Namba huwa zinabadilishwa, kwa hiyo tafuta pia kwa namba ya kiwandani, ile haibadiliki, iko kwenye kibati kilichogongwa riveti, na hakikisha kibati chenyewe hakina riveti mpya zinazong'aa kwenye bati kuukuu.

Kwa mdogo wangu na biashara yake nilimwambia hivi. Kupendeza itapendeza, watalii watalia machozi wakiona moshi wa kuwasha, hilo sina shaka nalo maana mimi mwenyewe nilitokwa. Lakini kabla hujatuma hata senti nenda TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, ukae nao, uwaulize watahitaji nini kwa ndege ya umri huo ibebe abiria wa kulipia, maana kubeba rafiki zako na kubeba abiria wa tiketi ni sheria mbili tofauti. Tafuta petroli ya ndege utaipata wapi na kwa uhakika gani kila wiki. Tafuta marubani wawili waliofunzwa kwa ndege hii hasa, yenye tairi la mkia, sio waliosema watajifunza wakifika. Na fundi wa injini za duara, huyo ni adimu kuliko rubani, wazee waliozijua wanastaafu na vijana wengi hawajawahi hata kuigusa. Hita ing'oe kabisa, Serengeti asubuhi kuna ubaridi lakini blanketi linatosha, ziba mirija ya petroli iliyokuwa inaenda huko mkiani, na iandikwe kwenye logibuku kwamba imetolewa na nani.

Ile ya kwenye tangazo sijaipa nyota yoyote bado kwa sababu sijaiona. Wiki iliyopita nilimwambia aombe vitu vitatu kwa muuzaji: kurasa za logibuku za miaka kumi ya mwisho, picha ya kibati cha namba ya kiwandani, na picha ya hita ikiwa kifuniko kimefunguliwa. Muuzaji ni mtu muungwana, anajibu haraka, kamtumia picha arobaini na moja. Nimezipitia zote jana usiku. Viti vipo, kila kimoja kwa pembe mbili, kabati la vinywaji lipo, na kuna moja nzuri sana ya machweo na bawa. Ya mkiani hakuna. Kurasa za logibuku kaambiwa zinatafutwa, kwa hiyo na sisi tunasubiri, na faili la Oklahoma City nimeshaliagiza mwenyewe.